Bia Nyeusi ya Majira ya Baridi: Kuonja Ni Kutoa Ushahidi

Huenda baadhi ya wasomaji wa jarida hili wakashangaa kuona kurasa za walimu wa Kiswahili zikizungumzia bia, tena bia ya ugenini, inayopikwa kwa ajili ya majira ambayo sisi wa nchi za maziwa hatunayo. Twawaomba wavute subira. Hatukusudii kuusifia ulevi, wala kumshawishi asiyekunywa aanze kunywa. Mmoja wa wanne tuliohusika na shughuli tutakayoisimulia hajapata kuonja tone la kileo maishani mwake, na mchango wake uliishinda ya wengine wote. Tunalotaka kulizungumza ni jambo linalomhusu kila mwalimu asahihishaye insha: mtu anapoonja kitu na kutakiwa akihukumu, ana maneno gani ya kutolea hukumu hiyo, na maneno hayo yana haki gani mbele ya wengine?

Mwezi wa Desemba mwaka 2018 tulikuwa Leuven, nchini Ubelgiji, walimu wanne kutoka Bujumbura, kwa mafunzo ya miezi michache. Mwezi huo jua la huko huchomoza mnamo saa mbili na nusu asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni limekwisha kuzama. Kipupwe chetu cha Juni na Julai, ambacho hutufanya tujifunike shuka la pili usiku, si kitu mbele ya baridi hiyo. Mtu akikaa humo wiki mbili tatu huacha kuuliza kwa nini wenyeji, wapendao bia nyepesi ya rangi ya dhahabu wakati wa jua, hubadili kinywaji mwaka unapokaribia kwisha. Maduka hujaa chupa ndogo za bia nyeusi, nzito, yenye nguvu, ambayo hupikwa kwa ajili ya majira hayo tu na ambayo aghalabu huitwa bia ya Krismasi.

Desturi hiyo ina sababu zake. Kabla ya kuenea kwa mashine za kupozea, zilizoanza kutumika viwandani katika miaka ya 1870, joto lilikuwa adui mkubwa wa mpika bia, kwa kuwa liliwastawisha vijidudu waharibifu wanaoigeuza bia kuwa kama siki. Katika Bavaria amri ya mwaka 1553 ilikataza upikaji wa bia tangu tarehe 23 Aprili hadi tarehe 29 Septemba. Kazi ilianza upya baada ya mavuno, ghala zikiwa zimejaa shayiri mpya, na baridi ikiwa imerudi. Mwenye nafaka tele aliweza kuitumia kwa ukarimu. Na nafaka ikizidi pipani, sukari nayo huzidi, na sukari ikizidi, kileo huongezeka. Bia ya namna hiyo hustahimili kukaa miezi mingi huku ikipevuka. Ndiyo maana bia ya Krismasi ya Ubelgiji huweza kuwa na kileo cha asilimia 8, 10, hata 12. Sisi Warundi, ambao wazee wetu walikuwa na Umuganuro, sherehe ya mwami iliyofungua msimu wa kupanda mtama, hatuna haja ya kustaajabia kinywaji kilichofungamana na kalenda ya mkulima.

Iko tofauti nyingine ambayo yafaa ielezwe mapema. Primus na nyingi za bia za chupa tunazozijua nyumbani hupikwa kwa chachu ya chini, yaani chachu ipendayo ubaridi, ambayo hufanya kazi polepole na kuacha kinywaji chenye harufu chache. Bia nyeusi za Krismasi za Ubelgiji kwa kawaida hupikwa kwa chachu ya juu, ambayo hufanya kazi katika joto la nyuzi 20 hivi au zaidi, na ambayo hutengeneza harufu nyingi za kwake yenyewe. Msomaji aliweke jambo hilo moyoni, maana ndilo litakaloamua ugomvi wetu hapo mbele.

Basi Jumamosi moja tuliamua kuonja kwa utaratibu. Tulikuwa na chupa tatu na waonjaji watatu, kila chupa sentilita 33, hivyo kwamba kwa jioni nzima hakuna aliyepata zaidi ya kipimo cha chupa moja. Asiidharau mtu chupa hiyo ndogo: sentilita 33 za bia ya asilimia 10 zina kileo sawa na sentilita 66 za bia ya asilimia 5. Tuliweka mezani maji na mkate mkavu wa kusafishia kinywa. Hatukuzipoza sana chupa zetu, kwa kuwa ubaridi mkali huutia ulimi ganzi na kuzifunga harufu. Tulizisubiri zifike kama nyuzi 12, jambo ambalo mnywaji wa Bujumbura angeliona kuwa ni utovu wa adabu kwa bia.

Katika kugawa alama tulifuata mpango wa Beer Judge Certification Program, utaratibu wa kuwatahini waamuzi wa bia ulioanzishwa Marekani mwaka 1985. Jumla ni alama 50: harufu alama 12, sura alama 3, ladha alama 20, mguso kinywani alama 5, na alama 10 kwa bia nzima inavyosimama. Alama 3 tu kwa sura! Sisi tunaojua jinsi mwandiko mzuri unavyoweza kumlaghai msahihishaji, hata insha tupu ikaondoka na alama nono, tuliitazama hesabu hiyo kwa heshima.

Mwenzetu wa nne ni Mwislamu, mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao wakazi wake hunyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama. Hakuonja, wala hatukumsihi. Alikaa kando, karibu na dirisha, na birika lake la chai ya tangawizi, akakubali kuwa karani wetu kwa masharti mawili. La kwanza, karatasi iwe ya Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, isiingie Kifaransa kwa kisingizio cha haraka. La pili, neno lolote ambalo yeye asiyeonja hakulielewa, lisiandikwe. Sharti hilo la pili ndilo lililotutoa jasho.

Chupa ya kwanza ilikuwa St. Bernardus Christmas Ale, ya asilimia 10, kutoka Watou, kijiji cha Flandria Magharibi karibu na mpaka wa Ufaransa. Kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1946, na hadi mwaka 1992 kilipika bia kwa idhini ya watawa wa Sint-Sixtus wa Westvleteren. Tuliimimina, tukaitazama, tukasema kwa sauti moja kwamba ni nyeusi.

“Nyeusi kama nini?” akauliza karani. “Kama masizi? Kama kahawa? Iinueni kwenye taa.”

Tukaiinua. Kumbe haikuwa nyeusi. Mwanga ulipopenya ubavuni mwa bilauri, tuliona wekundu uliokolea, wekundu ule ambao Waswahili huuita damu ya mzee. Povu lake lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa. Karani akaandika “damu ya mzee” bila kuuliza swali la pili.

Tukaja kwenye harufu. Mmoja wetu akasema kwamba harufu ni nzuri.

“Nzuri vipi, Mwalimu? Kwa mwenye njaa hata uji wa jana una harufu nzuri.”

Tukainusa tena, safari hii polepole, macho yakiwa yamefumbwa. Yakaanza kuja maneno: zabibu kavu; sukari guru inayochemka; ukoko wa mkate uliokaa jikoni kidogo kuliko ilivyotakiwa. Hayo yote karani aliyaandika. Kisha mwenzetu mmoja, ambaye kwao ni milimani Ngozi, akatamka kwamba anasikia harufu ya ndizi. Wala si ndizi tu, bali ndizi zilizovumbikwa shimoni, siku ile shimo linapofunuliwa ili zikamuliwe kwa urwarwa. Wa pili akadakia kwamba nyuma ya ndizi ipo karafuu.

Hapo wa tatu akaweka bilauri yake mezani. Alikwisha kuisoma karatasi ya chupa: humo hamkutajwa ndizi wala karafuu. “Ndugu zangu,” akasema, “ninyi hamwonji bia. Mnaonja nyumbani.”

Neno hilo lilituingia. Tulikuwa tumeondoka Bujumbura miezi mitatu kabla, na hapakuwa na mmoja wetu ambaye hakuwa ameamka usiku akihesabu siku za kurudi. Kama kweli ugeni ulikuwa umetulewesha kabla ya bia, basi hukumu yetu haikuwa na thamani; shahidi aonaye kilichomo moyoni mwake badala ya kilichopo mbele yake hufukuzwa barazani. Lakini lilikuwapo pia jambo zito zaidi. Mara ngapi tumeona mwanafunzi akikieleza kitu cha mbali kwa maneno ya kwao, akikatwa kwa wino mwekundu? Mtoto aandikaye kwamba theluji ni kama unga wa muhogo uliomwagika uani huambiwa kwamba hajaeleza theluji, ameeleza muhogo. Je, neno la nyumbani ni ushahidi, au ni kumbukumbu tu iliyovaa nguo za ushahidi?

Karani aliamua hivi: maneno “ndizi” na “karafuu” yaandikwe, kwa kuwa yeye ameyaelewa, ila yapigiwe mstari, na ukweli wake utafutwe, na hata yakithibitika, kumbukumbu haitapewa alama yoyote. Sote tulikubali.

Jumatatu tuliuliza kwa wajuao, nao wakatujibu kama watu wajibuo jambo la kila siku. Chachu ya juu, inapokula sukari, hutengeneza pamoja na kileo kiungo kiitwacho isoamili asetati. Kiungo hicho ndicho hicho hicho kinachoipa ndizi mbivu harufu yake. Hakifanani nacho tu. Baadhi ya chachu za Ubelgiji huzalisha pia kiungo cha jamii ya fenoli ambacho pua ya mwanadamu hukipokea kama karafuu, ingawa hakuna karafuu ya Unguja wala ya Pemba iliyotiwa pipani. Ule weusi wenye utamu wa sukari guru nao una asili yake: wapikaji wengi wa huko hutia sukari iliyochemshwa hadi ikawa nyeusi, pamoja na shayiri iliyokaangwa.

Basi mtu wa Ngozi hakuota. Pua iliyokulia migombani ilikuwa imesomeshwa tangu utotoni kuitambua harufu hiyo hata ikiwa hafifu, hata ikiwa imejificha nyuma ya zabibu na mkate ulioungua. Waonjaji wa Ubelgiji nao hutumia neno “ndizi” kwa bia za aina hiyo, ingawa wengi wao ndizi waliijulia dukani. Mwenzetu aliijulia shimoni, katika hali yake ya kuelekea kuwa pombe. Ni nani kati yao aliye shahidi bora? Sisi twasema kwamba neno la nyumbani likipatikana kwa kunusa kwa makini, ni chombo cha kupimia, wala si kizuizi cha kupima.

Lakini yatupasa kuweka mpaka. Sayansi ililithibitisha neno; haikuyathibitisha mapenzi. Mtu akisema “ndizi” ametoa ushahidi. Akisema “kwa hiyo ni bora kuliko zote” ametoka kwenye ushahidi, ameingia kwenye mashairi. Ndiyo maana ile kanuni ya karani, kwamba kumbukumbu haina alama, ilikuwa ya haki kwa pande zote mbili. Bia ya Watou ilipata alama zake kwa sababu nyingine: utamu wake ulitangulia, ukafuatwa na ladha ya tende, kisha uchungu wa kahawa ukaja mwishoni kuufunga ule utamu usichoshe, na kileo, kikali kama kilivyo, kilipasha kifua joto kama tangawizi bila kuunguza koo. Kwa neno moja, imekolea. Tuliipa harufu 10, sura 3, ladha 17, mguso 4, na jumla 7: alama 41 katika 50.

Chupa ya pili ilikuwa Gouden Carolus Christmas, ya asilimia 10.5, ya kiwanda cha Het Anker mjini Mechelen. Jina lake latokana na sarafu za dhahabu za Kaisari Karl wa Tano, ambaye alilelewa katika mji huo. Hii hutiwa viungo vya mimea, nasi tulisikia kitu kama bizari tamu kikiongoza msafara. Mmoja wetu alitaka ishushwe kwa kuwa, kwa maneno yake, “ni tamu mno.” Karani akauliza: “Tamu mno kwa nani, na kwa saa gani?”

Swali hilo liliturudisha kwenye msingi wa kazi. Kama mtu angeletewa bia hii ufukoni mwa Tanganyika, adhuhuri, akiwa na kiu, angekuwa na haki ya kuirudisha. Lakini haikupikwa kwa adhuhuri wala kwa kiu. Ilipikwa kwa usiku wa jalidi, baada ya chakula, inywewe kidogo kidogo na watu wasio na haraka. Kuihukumu kwa kanuni za bia ya kiu ni sawa na kuihukumu ngonjera kwa kanuni za hadithi fupi, kisha kulalamika kwamba wahusika wake wanasema kwa zamu. Kwanza tuulize kazi ilikusudia kuwa nini, ndipo tuulize kama imefika. Kwa kipimo hicho, utamu wake ulikuwa na mahali, ila tuliona kwamba ulikawia kuondoka. Tuliipa harufu 10, sura 3, ladha 15, mguso 4, na jumla 7: alama 39.

Chupa ya tatu hatutaitaja, wala duka tulikoinunua. Povu lake lilikufa upesi, na harufu yake ilitufanya tutazamane. Kwa mara ya kwanza jioni ile hakuna aliyesema “nzuri.” Mmoja akasema, “Boksi la karatasi lililonyeshewa mvua.” Karani akacheka, akaandika papo hapo, hakuhitaji maelezo, na hakuhitaji kuonja. Kwa ulimi tuliikuta chapwa, imechuja kama kitambaa kilichoanikwa juani miaka. Wataalamu wanalijua kosa hilo: hewa iliyoingia ndani ya bia, ikisaidiwa na joto na wakati, huleta harufu kama ya karatasi iliyolowa. Tuliipa alama 19. Lakini tuliandika chini yake kwamba hukumu hii ni ya chupa, si ya kiwanda. Huenda mpikaji aliitoa ikiwa nzima, ikaharibikia rafuni au safarini. Msahihishaji naye ana chupa za namna hiyo mezani pake: insha iliyoandikwa na mtoto mwerevu siku aliyokuwa na homa.

Tulipomaliza, tulizungumza juu ya kuonja kwa desturi ya kwetu. Milimani Burundi, mwenyeji akileta kibuyu cha urwarwa, huonja yeye kwanza mbele ya mgeni, ndipo ampe. Hafanyi hivyo kwa uroho. Anasema kwa kitendo kwamba kinywaji hiki ni salama, na kwamba kikileta madhara yeye ndiye wa kuulizwa. Kwa hiyo kuonja, katika maana yake ya asili kwetu, ni kubeba dhamana kwa niaba ya mtu ambaye bado hajanywa. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na mwaka 2016 ikaingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha hiyo hiyo. Desturi hii ndogo ya kuonja kwanza haina cheti, lakini tunaamini kwamba ndani yake imo sheria yote ya uhakiki.

Na kama kuonja ni dhamana, basi maneno ya mwonjaji ni lazima yamfikie asiyeonja. Hapo ndipo karani wa Buyenzi alipotushinda sote. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji: hakuwa na bilauri, alikuwa na masikio na Kiswahili chake tu, na kila tulipomtupia neno tupu alilirudisha. Wapo wasemao kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya ladha. Jioni ile hatukukuta umaskini huo. Tulikuta ugwadu na ukakasi, uchachu na uchungu, chapwa na iliyokolea, sukari guru na ukoko. Uvivu ndio unaotufanya tuyafungie maneno hayo jikoni na kwenda darasani na “nzuri” peke yake.

Tuliporudi nyumbani tuliichukua kanuni ya karani hadi darasani, pasipo bia, bila shaka. Wanafunzi watatu huonja embe bichi, ukwaju, karanga za kukaanga, au chai iliyokaa sana kwenye majani. Mwanafunzi wa nne haonji, bali huandika lile tu alilolielewa. Maneno “nzuri,” “tamu” na “mbaya” hayaruhusiwi mpaka yafuatwe na mfano. Dakika kumi za kwanza darasa huwa kimya. Kisha mmoja husema kwamba ndizi mbichi huufanya ulimi kama umevaa sufu, na karani wake akaitikia kwa kichwa na kuandika.

Twawaomba wanachama wenzetu wa Uvira, Bukavu, Kigoma na Kigali wafanye zoezi hilo na madarasa yao, na watuletee maneno ya ladha na harufu yanayotumika kwao, kila neno na mfano wake. Wasiyaache yale wanayodhani ni ya jikoni mno. Hayo ndiyo tunayoyahitaji zaidi.